Kochi Letu Limekwenda Manyamanyama

Jumatatu, 4 Novemba
Tangazo ubaoni! Chuo kitawalipia ada wanafunzi wenye shida, ila kwanza watatembelewa nyumbani. Nisipopata, muhula wa pili nitausikia kwa wenzangu. Fredy, ninayelala naye chumba kimoja, kajaza fomu ukweli mtupu, nusu ukurasa. Maskini Fredy. Mimi kurasa tatu! Nimeandika kwetu hata pa kukaa hatuna.

Jumanne, 5
Chuo kimempigia mama: wageni Alhamisi. Mbio nyumbani Guta. Shida kweli tunazo: baba alishafariki, mama anauzaga dagaa. Lakini sebuleni kuna kochi! Na redio! Mama alipokwenda sokoni nikapakia vyote kwenye mkokoteni, hadi kwa shangazi, kule Manyamanyama. Sebule ikabaki tupu, ukikohoa inakujibu. Safi sana. Nikarudi chuoni kabla mama hajarudi.

Alhamisi, 7
Balaa. Nimefika na Madam Dorah, mshauri wa wanafunzi. Sebule imejaa! Makochi ya velveti, zulia, kabati la vyombo. Mama ndani ya kitenge cha Pasaka. Nikamvuta pembeni.
“Mwizi katusafisha, mwanangu,” akaninong'oneza. “Sasa wageni wa chuo wakae chini, mimi nikiwa hai? Nimeazima kwa Mzee Hamduni.”
Mezani sato mzima. Madam akala, akaandika, akala tena. Nikamwambia makochi si yetu. Akauliza kama na sato si wetu.
Hodi! Mzee Hamduni, jirani, kwa adabu zote, anaomba kochi moja tu, naye kafikiwa na wakwe. Mama akainamisha uso. Madam akacheka mpaka machozi, kisha akavua viatu, akashika upande mmoja, mama upande wa pili. Wakaenda wakiongea. Walichelewa kurudi.

Jumatatu, 11
Majina yametoka. Fredy yumo. Nami nimo! Madam kasema fomu yangu hakuamini hata mstari mmoja. Ukweli kaupata kwa mama, njiani na kochi.
Jioni shangazi kampigia mama, kauliza kochi letu litakaa kwake mpaka lini. Mama kanipigia. Siandiki alichosema.

Jumatano, 13
Mama katuma dagaa wa kukaanga, bila salamu. Tumekula na Fredy mpaka tukalamba karatasi. Maisha matamu.
Nimetafakari sana. Kosa langu ni moja: sikumwambia mama mpango mapema. Sasa nasikia jikoni hapa chuoni wenye vidonda vya tumbo wanapewaga wali kila siku badala ya ugali. Leo nimeshika tumbo kipindi kizima, kwa mazoezi. Mwalimu kaniruhusu niende chooni.