Viatu Ishirini na Vinne

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Tumepata onyo la pili! Karatasi imepitishwa chini ya mlango nikiwa nakunywa chai. Chai imeniingia puani.

Nieleze vizuri, maana kichwa kinawaka moto. Sheria za jengo hili ni kumi na saba, zimebandikwa kwenye lango kwa wino mwekundu. Mwenye nyumba anaishi humu humu, chumba cha mwisho wa korido, na sisi wapangaji tunamwita Mzee Kanuni. Kwa sauti ya chini, bila shaka. Sheria ya tisa ndiyo anayoilinda kuliko zote: kitu chochote kisiwekwe koridoni. Maonyo matatu, unahama. La kwanza sibishi, niliacha kochi la mteja nje siku mbili. Hili la pili ni la viatu.

Sasa viatu. Kila Alhamisi baada ya alasiri Mama anakaribisha wenzake kwa kisomo. Wanawake kumi na wawili. Wanasoma Yasini, wanaomba dua, wanawakumbuka wagonjwa na marehemu wao. Na kwa Mama kiatu hakivuki kizingiti. Hakijavuka tangu nizaliwe. Kinavuliwa nje, basi, watu wanasujudu humo ndani. Kumi na wawili mara mbili, ishirini na nne, vyote koridoni.

Nimwambie Mama aache? Thubutu! Kule tulikokuwa, ghorofa ya nne, magoti yalimfungia ndani. Alishuka mara mbili kwa mwezi, mimi nimemshika huku, mke wangu kule, na sote watatu tukifika chini hatuna pumzi ya kwenda popote. Hapa chini anatoka mwenyewe. Ana wenzake. Ana Alhamisi yake. Juzi nimemsikia anacheka peke yake jikoni. Nilitafuta miezi minane mpaka nikapata vyumba hivi viwili, na kila nikitia ufunguo mlangoni namshukuru Mungu. Sitavipoteza kwa sababu ya kandambili.

Mke wangu anasema niende tu kwa mzee, nikaongee naye kiungwana. Kuongea! Mwenye akili haongei, anabuni.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nimebuni.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko ng'ambo ya barabara, nina cherehani ya kushona hata turubai, nina misumari, na nina vipande vya kitambaa cha maua makubwa mekundu vilivyobaki kwenye kiti cha mteja mmoja aliyeagiza kisha akatoweka. Nimeshona pazia la mifuko. Mifuko ishirini na nne! Kila kiatu na chumba chake. Linatundikwa ukutani, sakafu inabaki tupu, na sheria ya tisa inabaki na aibu yake.

Mke wangu ameuliza kama ukuta wenyewe si wa korido. Nimemwambia kazi hii aniachie mimi.

Fundi saa wa ghorofa ya tatu amepita, akachungulia, akaniuliza Mhandisi leo unashona nini. Ananiita Mhandisi tangu siku kitanda changu cha kukunja kilipomkunja mwenyewe. Huyu bwana anavitaka vyumba vyetu. Eti wateja wake wamechoka na ngazi. Jirani alimwona Jumamosi akipima dirisha letu kwa shubiri, kwa nje, mchana kweupe. Shubiri tano na nusu! Nimemjibu kuwa nashona pazia la dirisha langu, nitakalolitumia miaka ishirini. Ameondoka.

Jioni nimekutana na Mzee Kanuni langoni. Nimetoa shikamoo yangu safi. Ameitikia marahaba fundi saa, na ile saa yangu umefikia wapi. Fundi saa! Mimi! Watu wawili tuliopishana hata kimo! Nimeimeza dharau hiyo kwa ajili ya Mama.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Jamani.

Ilianza vizuri. Wanawake walifika, wakalisifu pazia, mmoja akauliza kama naweza kumshonea la kuwekea vitunguu. Wakaingia. Kisomo kikaanza. Nikabana nyuma ya mlango, nimeuacha wazi kidogo, nasubiri ushindi.

Saa kumi na moja kasoro robo Mzee Kanuni akatoka chumbani kwake. Alhamisi zote hutoka saa hiyo hiyo, mpekuzi mkubwa. Anatembea taratibu, kiganja ukutani, kana kwamba anakagua rangi. Kiganja kikafika kwenye maua. Kikasimama. Kikapapasa. Mzee akaruka nyuma kama aliyeungua, akainamisha kichwa, akasema niwie radhi sana mama, sikujua kama umesimama hapo.

Analiambia pazia! Nimeishi na watu wa kejeli, lakini kejeli ya kuliomba pazia radhi sijapata kuisikia.

Ndipo misumari ikakata tamaa. Pazia lote likamshukia, na viatu ishirini na nne juu yake. Akabaki amesimama chini ya maua, kama kochi linalosubiri kupelekwa kwa mwenyewe.

Tukamfunua. Hajaumia, alhamdulillahi. Akafikiri kidogo, halafu akasema kitu hiki hakikuwekwa koridoni, kimeanguka, kwa hiyo haki ni kukihesabu nusu. Onyo la pili na nusu. Sikuwahi kujua kuna nusu! Nimeishukuru nusu hiyo kwa moyo wangu wote.

Mama alimtazama mzee mpaka alipotoka nje.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Karatasi ya nusu onyo imefika. Maandishi yamepanda, yameshuka, na mstari wa mwisho umetoka nje ya karatasi kabisa. Hasira za mzee huyu! Kalamu yenyewe inamkimbia.

Nimemwonyesha Mama. Ameishika muda mrefu, akaniuliza kama mzee ana watoto. Nimesema anaye mmoja, yuko mbali, kila akija humwambia auze jengo akaishi kwake. Mama amesema maskini.

Maskini nani? Sisi ndio tunaokaribia kuhamishwa!

Mke wangu amerudia tena neno lake la kuongea. Nimemwambia mambo yamefika pabaya mno, hayahitaji tena maneno. Yanahitaji toroli.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Mpango ni huu. Wanawake wanavua viatu mlangoni. Mimi navipakia kwenye toroli papo hapo, navivusha barabara, navifungia karakanani. Saa kumi na moja na robo navirudisha. Korido tupu, kizingiti kisafi, kila mtu na haki yake. Nimeshangaa jinsi jambo lilivyo jepesi mtu akitulia.

Nimefanya jaribio kwa viatu vyangu na vya mke wangu. Nimekwenda na kurudi kwa dakika nne. Fundi saa alikuwa dirishani kwake, akauliza kama Mhandisi ameshaanza kuhama. Nimecheka. Alhamisi atacheka nani?

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Naandika, sijui kwa aibu au kwa furaha. Nianze na aibu, ndiyo nyingi.

Viatu vilikwenda salama. Nikavifungia, ufunguo mfukoni. Akatokea mwanamke mmoja anataka makochi sita yavalishwe upya, anakaa hapo nyuma tu, twende nikapime. Nikaenda. Makochi sita! Ya mti mgumu! Nikapima, nikagonga gonga, nikamweleza habari za sponji mpaka za sponji zikaisha. Kutazama saa ukutani kwake, kumi na moja na nusu.

Nilikimbia mbio ambazo sikujua kama bado ninazo. Nikafungua karakana, nikamwaga viatu kwenye toroli, huyoo barabarani. Kwa mbali naona wanawake kumi na wawili wako langoni pekupeku, na mvua ilinyesha mchana, wanatazama tope. Mmoja akasema mwanangu umetuua. Sikusimama. Nilitaka niwapangie kila mtu jozi yake mlangoni kwetu kiungwana, kama nilivyoahidi. Nikaingia na toroli koridoni.

Na Mzee Kanuni ndiyo kwanza anarudi chumbani kwake, kiganja ukutani, amenipa mgongo. Nikalisimamisha toroli mlangoni kwetu, ukutani kabisa, nikageuka kuwaita kina mama. Kumbe mzee naye kageuka, amesahau kitu nje. Nikasikia kishindo. Kurudi, mzee wa watu ameketi ndani ya toroli, juu ya viatu, miguu hewani, anauliza kwa sauti ndogo yuko wapi.

Yuko wapi! Kwenye korido yake mwenyewe, mchana!

Nilisubiri onyo la tatu. Akilini nilimwona Mama akipanda ngazi za mahali fulani, ghorofa ya nne, nyuma yake sisi. Nikaanza kuomba msamaha.

Mama akatoka. Akamshika mzee mkono, akamwinua, yeye mwenye magoti mabovu. Kisha akamuuliza polepole, wasisikie wa langoni, macho yameanza kumsumbua lini.

Mzee akasema mwaka wa pili huu.

Mama akamwambia aingie ndani apumzike. Mzee akafika kizingitini, akasimama, akavua viatu mwenyewe bila kuambiwa. Halafu akabaki navyo mkononi. Akasema dada, nitaviweka wapi, koridoni hairuhusiwi. Mama akavichukua. Akavivusha kizingiti kwa mkono wake, akavilaza ndani, nyuma ya mlango. Miaka yangu arobaini na mitatu sijawahi kuona jambo hilo. Mke wangu aliona pia, tukatazamana.

Mzee akaeleza. Kutoka mlango wake mpaka lango ni hatua arobaini na moja. Korido ikiwa tupu anakwenda peke yake, hakuna anayejua. Kikiwekwa kitu, ataanguka. Akianguka, mwanawe atajua, na akijua atamhamisha. Jengo hili alilijenga na marehemu mkewe. Hataki kuondoka, basi. Sheria nyingine kumi na sita, alisema, aliziandika ili hiyo moja isionekane.

Akaongeza kuwa Alhamisi hutoka saa ile kwa makusudi, apite mlangoni polepole, asikie kisomo. Mkewe alikuwa akisoma Yasini kwa sauti kama ya yule mama anayesoma wa tatu. Mimi nikamwita mpekuzi!

Nililia, sifichi. Mke wangu alinipa upindo wa kanga yake bila kusema nilikwambia, na kwa hilo pia nashukuru.

Wamekubaliana wenyewe, kwa dakika tano. Pazia la maua litatundikwa ndani, nyuma ya mlango, kwenye shubiri moja ya nafasi ambayo Mama ameitoa kwa viatu. Mzee atakaribishwa kila Alhamisi, kiti chake karibu na mlango. Siri ya macho inabaki humu ndani. Na maonyo yote yamefutwa, pamoja na nusu. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama, namshukuru mzee. Hata wanawake nawashukuru, ingawa wawili wameondoka na viatu visivyofanana.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Nimeamka mwepesi. Fundi saa aliniuliza kwenye lango tunahama lini. Nimemwambia akapime dirisha lingine. Raha iliyoje!

Lakini shukrani ya mdomo haitoshi. Mzee katusamehe, sisi tumempa nini? Nimefikiri asubuhi nzima karakanani, nikainua macho, na jibu limekaa mbele yangu. Kile kiti cha maua cha mteja aliyetoweka! Kipana, sponji nene, mikono miwili, mfalme angekiomba.

Hatua arobaini na moja kwa mzee wa umri ule ni nyingi. Anahitaji mahali pa kupumzika katikati. Nimehesabu mwenyewe kutoka mlango wake, hatua ndogo ndogo kama zake, na hatua ya ishirini nimekiweka. Nimekisogeza vizuri kwenye ukuta anaoshika, asikikose. Mke wangu na Mama wamekwenda kumwona mgonjwa, kwa hiyo hakuna wa kuniharibia. Mzee pia sijamwambia. Zawadi ikitangazwa inapoteza utamu.

Niko hapa mezani, mlango wazi, nasubiri kuuona uso wake. Huyo, mlango wake umefunguka. Anatembea bila wasiwasi wowote, mzee wetu, leo hata anaimba kidogo. Ananijaza furaha.

Hatua ya kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.