Yah: Mkwe Wangu Kunikabidhi Dawa ya Malengelenge

Bulyaga, Tukuyu

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Malengelenge niliyo nayo sehemu za siri hayaponi moja kwa moja, ila yanadhibitiwa kwa vidonge. Hayo yalisemwa juzi Jumatatu na Wilson, tabibu wa kituo chako, huku akinawa mikono. Nimekuwa mwandishi wa habari miaka ishirini na sita, na sijawahi kupewa taarifa muhimu kiasi hicho nikiwa nimevua suruali.

Nakiri kwamba kabla ya kuja nilijipulizia dawa ya bluu ya vidonda vya ng'ombe. Siku mbili nilitembea kama niliyebeba mkungu wa ndizi kwa magoti. Kwa hilo simlaumu mtu. Ninayolalamikia ni haya:

1. Wilson anasema kirusi hujificha kwenye mishipa ya fahamu na huweza kurudi. Nikihisi mwasho, nianze vidonge mapema. Nilimuuliza kitaondoka lini. Alisema hakiondoki. Jibu la namna hiyo mhariri wangu asingelipokea.

2. Anayegawa dawa dirishani ni Prisca, mke wa mwanangu. Unajua mila yetu Wanyakyusa: mkwe na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Aliponiona akageukia ukuta. Nami nikageukia foleni, ambalo lilikuwa kosa. Maelezo ya dawa ikabidi yapitie kwa Winfrida, muuza parachichi wa Kisondela, aliyekuwa nyuma yangu. Prisca alinong'ona. Winfrida hakunong'ona: "Baba, anasema kimoja mara tatu kwa siku, siku saba. Na usimkaribie mama mpaka huko chini kukauke."
Foleni nzima ikaniombea nipone haraka.

3. Wilson ananitaka nimwambie mke wangu, Atuganile, nije naye, na hata vidonda vikikauka tutumie kondomu, kwa kuwa kirusi huambukiza hata pasipo kidonda. Anasema pia hakuna awezaye kujua nani alianza, maana kinaweza kukaa kimya miaka. Mwaka 2011 niliandika makala ndefu nikiwahimiza wasomaji wasiwafiche wenzi wao magonjwa. Sikujua kwamba ningekuja kuwa msomaji. Tumeoana miaka thelathini na mmoja. Akirudi kwa kaka zake Kinyala, sina uso wa kumfuata wala neno la kumwambia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: Prisca ahamishiwe chumba cha chanjo, Winfrida apewe foleni yake peke yake, na kituo kitoe cheti chenye muhuri kwamba malengelenge ya wanaume wa Rungwe husababishwa na ukungu wa asubuhi. Nipo tayari kukichapisha.

Wasalimie wauguzi wote, na mlinzi aliyenipa pole getini kabla sijamweleza chochote.

Wako mtiifu,
Abrahamu Mwasandube

N.B. Atuganile ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Alisahihisha koma mbili, akakaa kitako, akasema: "Hayo mimi ninayo tangu tunajenga nyumba hii. Niliogopa utaniacha." Nyumba ina miaka kumi na tisa. Maombi yote matatu nayafuta. Tutafika wawili, Jumatano ijayo, saa mbili asubuhi.