Hesabu Zenu Ziondolewe Ukutani Kwangu

Juru, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda
Alhamisi, mwezi wa tisa

Kwa Madamu Kobusingye,
Mkuu wa Shule ya Sekondari.

Madamu mheshimiwa,

YAH: KUTESWA KWA UKUTA WANGU NA MAANDALIZI YA MTIHANI WA HESABU

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila ukuta wangu ni mgonjwa. Mimi ni Anatole, mzee wa miaka sitini na mmoja, mkulima wa maharage na mahindi. Kwetu Kivu ya Kusini nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na tisa, na tangu nivuke mpaka sijagusa chaki, wala mkaa, wala kitu chochote kinachoandika juu ya ukuta. Sentensi hiyo ya mwisho naomba uipigie mstari, maana tutaihitaji huko mbele.

Mshtakiwa ni Nabintu, binti wa jirani yangu Mama Madeleine, mwanafunzi wako wa kidato cha nne, anayejiandaa kwa mtihani wa mwisho wa mwezi wa kumi. Daftari zake zilijaa mwezi wa tano. Mama yake akamwambia asubiri mavuno, lakini hesabu haina subira. Sasa ukuta wangu uko kando ya njia ya bombani, unatazama jua linakotoka, na niliukandika mwenyewe siku tatu kwa udongo, samadi na majivu mpaka inzi akitua anateleza. Kila asubuhi Nabintu akitoka kuchota maji hutua jerikani, huokota kipande cha mkaa, huandika swali moja la mitihani ya miaka iliyopita, hulipiga mpaka mwisho, ndipo anakwenda shule. Jioni hufuta kwa kitambaa chenye majivu, kwa adabu kabisa, na kesho yake anaanza upya. Madhara niliyoyapata ni haya:

1. Siku ya kwanza nilitoka nje na mswaki mdomoni nikakuta ukutani herufi x, kubwa, nyeusi. Madamu, wewe umezaliwa hapa, labda hujui. Sisi tuliozoea kuhamishwa tunajua kwamba nyumba ikiwekwa alama ya namna hiyo, wenyewe wanahama. Nilifunga sufuria zangu mbili, godoro na Biblia, nikaketi juu ya mzigo siku mbili nikingoja lori. Siku ya tatu Nabintu, ambaye mwanzoni hakuwa akija kila siku, akarudi, akanikuta nimekaa pale, akanieleza kwamba x ni kitu kisichojulikana ambacho watu wanakitafuta. Nikamwambia hata mimi ni hivyo hivyo. Nikafungua mzigo. Kifuniko cha sufuria moja sijakiona hadi leo.

2. Amani ya jirani imevunjika. Wanawake waliokuwa wakipanga foleni bombani sasa wanaipanga mbele ya ukuta wangu. Mtu akinisalimia asubuhi haniulizi nimelalaje, ananiuliza kama x imepatikana. Mbaya zaidi, Nabintu aliwafundisha kwamba ukifanya jambo upande mmoja wa alama ya usawa, sharti ulifanye na upande wa pili. Wiki hiyo hiyo mbuzi wa jirani yangu Musoni alikula maharage yangu ya upande wa kushoto wa shamba. Nilipokwenda kulalamika, Musoni alinisikiliza kwa upole, akamfungua mbuzi, akamwingiza upande wa kulia. Nilirudi nyumbani, kwa sababu kwa hesabu ilikuwa sahihi.

3. Aliegemeza ngazi yangu ukutani ili afanye mazoezi ya pembetatu. Ngazi ni mita mbili na nusu, mguu wake ukauweka mita moja na nusu kutoka ukutani, kwa hiyo kichwa cha ngazi kilipaswa kugusa mita mbili kamili. Kikagusa pungufu ya kiganja. Akapima mara ya pili, akapima mara ya tatu, kisha akaniambia kwa huruma kama daktari: "Baba Anatole, ngazi haina makosa. Ni nyumba ndiyo inainamaka. Lakini si mingi." Nimeishi katika nyumba hiyo miaka saba bila neno. Sasa nalala nimeshika kitanda.

4. Kwaya ya kanisa letu inaimba kanuni ya kutafuta x, kwa sauti nne. Mungu anisamehe, mimi ni besi.

5. Hili ndilo zito. Siku moja kabla ya mtihani wenu wa majaribio, Nabintu aliandika swali la tangi: tangi lina lita 4,500, kila kaya inachukua lita 180 kwa wiki, je, ni kaya ngapi zitapata maji? Akagawanya kwa mtindo wa Mwalimu Twinomujuni wenu wa hesabu, ambapo namba inayogawa inakaa kushoto. Akaenda shule. Mchana huo mtu asiyejulikana alipita, akafuta kazi yote, akaiandika upya kwa mtindo wa Kongo, ambapo namba inayogawa inakaa kulia. Ni nani, sijui. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba mwandiko ulikuwa mzuri ajabu, tarakimu zimesimama wima, na jibu limepigiwa mistari miwili iliyonyooka, kazi ya mtu aliyefundishwa akafundishika. Kwa muda nilimshuku mbuzi wa Musoni, kisha nikamwondoa kwenye orodha.

Hata hivyo nataka kumtetea mtu huyo, popote alipo. Kwetu magari yanapita kulia, na namba inayogawa inakaa kulia. Hapa Uganda magari yanapita kushoto, na yenyewe imehamia kushoto. Nani alitutangazia? Tulipofika Kabazana, kituo cha kupokea wakimbizi, waliandika majina yetu, wakatupiga picha, wakachukua alama za vidole vyote kumi, wakatupa sabuni na blanketi. Hakuna aliyetunong'oneza kwamba hata kugawanya kumebadilisha upande. Mtu anaweza kuishi nchi ya watu miaka saba, akafikiri mtoto amekosea, kumbe ni yeye amesimama upande usio wake wa barabara.

Nabintu alirudi jioni akakuta mwandiko ule. Kwetu mtoto hafuti mwandiko wa mkubwa. Akasema tu, "Aksanti kwa ule mukubwa aliandika," akabeba jerikani yake akaenda nyumbani na mitindo miwili kichwani. Kesho yake swali la tangi likaja kwenye mtihani. Akaiweka namba inayogawa kulia, kwa heshima ya mkubwa, kisha akagawa kwa ile iliyokaa kushoto, kwa heshima ya mwalimu. Jibu likatoka 0.04. Yaani tangi zima la lita elfu nne na mia tano halitoshi kaya moja, linatosha sehemu nne katika mia ya kaya, pengine mkono mmoja wa baba na sikio la mtoto. Mwalimu Twinomujuni aliposahihisha alimwambia mbele ya darasa, "Sasa wewe, tangi yote hii hata famili moja haitoshi? Nani anakunywa maji huko kwenu, ngamia?" Bombani kwetu, lakini, jibu lile lilipokewa vizuri sana. Mama mmoja alisema ni mara ya kwanza hesabu ya shule kusema ukweli juu ya bomba letu, na wengine wakapiga makofi.

6. Lawama ya mwisho ni kwamba sasa ukuta ni mweupe. Matokeo yalibandikwa wiki mbili zilizopita. Mlisema kumi wa kwanza watapelekwa Mbarara Jumatatu hii, wafanye mazoezi wiki nzima pamoja na wanafunzi wa shule kubwa ya huko. Wa kumi alipata 61. Nabintu alipata 59. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Anazunguka na jerikani imejaa kichwani kupitia migomba ya Muhirwa, njia ndefu yenye matope, ili asiuone ukuta. Mama Madeleine ameniambia, "Mutoto anasema hesabu haimupendi. Anasema heri alime." Binti huyu alitaka kusomea uuguzi, na mlango huo haufunguki bila hesabu, wewe wajua kuliko mimi. Foleni asubuhi bado inasimama mbele ya nyumba yangu dakika moja hivi, inaangalia, kisha inaendelea bombani. Nilitaka ukuta mweupe, nimeupata, na sipati raha hata kidogo. Hilo nalo ni kosa lenu.

Kwa sababu hizo sita nadai yafuatayo, wala sitapunguza hata moja.

Kwanza, somo la hesabu lifutwe katika eneo lote la Juru mpaka ukuta wangu upone. Kama serikali itaona hilo ni gumu, basi mtihani wa mwisho uletwe ukutani kwangu, watahiniwa wote waje na mkaa wao, nami nitakuwa msimamizi, kwa sharti kwamba kila mmoja akandike sehemu yake kabla ya kuondoka.

Pili, nchi zote zinazopakana zikutane, hata kama ni Kaberebere siku ya soko, ziamue mara moja namba inayogawa ikae upande gani. Nikialikwa nitakuja, nauli juu yangu, na nitasema kwa ufupi, si zaidi ya saa tatu.

Tatu, na hapa nakusihi, Nabintu asipelekwe Mbarara Jumatatu hata kama mmoja wa wale kumi ataugua. Ni hatari kwa usalama. Kuna askari aitwaye Koplo Naboth, wa kambi ya jeshi huko Mbarara, ambaye huja Juru kununua maharage. Mwezi wa saba alisimama mbele ya ukuta wangu saa nzima, magunia yakimngoja, mpaka akapata x kabla ya Mama Madeleine. Alipiga saluti. Kisha akaniambia, "Mzee, hii ukuta yako iko kali sana. Sisi kule kambini tuko na ukuta mrefu, halafu nyeupe yote." Tafakari, Madamu. Mtoto yule, mkaa mkononi, na ukuta mrefu mweupe. Ndani ya siku mbili jeshi zima litakuwa limesimama nje linatafuta x, na nani atalinda nchi?

Natumaini utalishughulikia jambo hili kwa uzito wake. Nisalimie Mwalimu Twinomujuni na kalamu yake nyekundu, mpishi wenu, mlinzi wa geti, waliofaulu na walioanguka, pamoja na kengele yenu, ambayo nikiisikia shambani bado nasimama wima na kufuta vumbi mikononi, nikidhani nimechelewa darasani.

Wako mwenye ukuta,
Anatole

Nyongeza, Ijumaa: Madamu, wino umebaki, na roho haijatulia. Ile sentensi niliyokuomba uipigie mstari, ukisha kuipigia, ifute. Mtu asiyejulikana ni mimi. Nilipita pale, nikaona kugawanya kumekaa upande ambao kwangu ni makosa, na mkono wa miaka kumi na tisa ukaniponyoka. Nilijisikia mwalimu tena. Nilifurahi mchana kutwa, hata nilisimama mbali nikitazama mwandiko wangu. Swali lile lilikuwa na alama nne. Mtoto alipungukiwa mbili tu kumfikia wa kumi. Zile nne alizipoteza kwa sababu alinistahi, na kama lazima mtu aandikiwe sifuri, niandikieni mimi.

Nimefanya hesabu nyingine. Mlinzi wenu ameniambia gari la Jumatatu lina viti kumi na vinne vya abiria. Wanafunzi kumi, mwalimu mmoja, jumla kumi na mmoja. Nimetoa kwa mtindo wa Kongo, nimetoa kwa mtindo wa Uganda, na pande zote mbili vinabaki viti vitatu. Naomba kimoja. Madai yangu yote matatu nayaondoa, pamoja na mkutano wa Kaberebere.

Jambo la mwisho ni gumu kwangu, maana kwetu mzee haendi kwa mtoto kumwomba radhi kwa mdomo. Ukuta nimeukandika upya jana. Leo asubuhi, mbele ya foleni yote, nimeandika swali la tangi na kugawanya kuanzia kushoto, mara yangu ya kwanza katika maisha. Nimepata kaya ishirini na tano, lakini katikati kuna sehemu sina uhakika nayo. Tafadhali mwambie Nabintu kesho asipite kwenye migomba ya Muhirwa. Apite kwangu, aje na mkaa wake, anisahihishe.