Siku Kila Mteja Alipokuwa Mkubwa

Fredy, kijana wa maneno matamu aliyeingia Kharumwa wiki ile akitokea Chato, alikuwa steshenari kwa Mama Rebeka alipomwona Mzee Jilala akiweka kwenye kompyuta ramani ya duara, shimo lake jipya la dhahabu, akaombee leseni. Macho yakamtoka kama mbuzi aliyeona mahindi yameanikwa.

Ila kompyuta zile zilikuwa za Linux, mfumo unaomtenga kila mtumiaji na mwenzake. Rebeka, aliyeko chuoni, alimpa kila mteja folda yake, na ruhusa ya kufungua zote, ndiyo huitwa ukubwa, akaifunga kwa neno la siri. Mama yake alilijua, lakini aliambiwa asilitumie bila kumpigia simu.

"Shikamoo, Mama Rebeka."

"Marahaba."

"Hivi mama, duka ni lako, unaomba ruhusa kwa mtoto uliyemzaa?"

Mama Rebeka akaacha kubana karatasi. "Nani kakwambia?"

"Nakusikia kwenye simu. Mpe kila mteja ukubwa wote, wajihudumie, wewe unywe chai. Geita mjini wote wanafanya hivyo."

Geita mjini hakuna anayefanya hivyo, ila nani angekwenda kuuliza? Na lile la mtoto uliyemzaa lilishamchoma. Mama akaandika neno la siri, Fredy akaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya kompyuta, basi: kila mteja mkubwa, hata aliyekuja kuchapa tangazo la ng'ombe aliyepotea.

Fredy akanakili ramani ya Jilala, akaiweka kwenye folda yake mwenyewe. Kabla hajachapa, umeme ukakatika.

"Nitarudi kesho, mama yangu."

Umeme uliporudi, Mama Rebeka akajaribu ukubwa wake. Usimcheke, hata wewe ungechungulia. Folda ya Fredy, hii hapa: ramani ya Jilala! Ikivuja hiyo ni rashi, watu na sururu zao watalivamia duara kabla ya leseni, na mzee wa watu atabaki mikono mitupu kwa kosa la Mama Rebeka. Akamwita Jilala, akamweleza huku analia.

Jilala akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Usifute. Si kila mtu ni mkubwa? Na sisi ni wakubwa. Kwenye ile ya Fredy badilisha namba za GPS, andika hizi."

Kesho yake Fredy akachapa, akakodi vijana, akafuata namba mpaka nyuma ya boma moja. Mama wa pale akawakaribisha wachimbe, na maji akawapa. Fredy akamwonea huruma kwa ujinga wake.

Walipofika kina cha watu wawili bila hata punje, juu akachungulia mwenye boma. Mzee Jilala.

"Wabeja sana, asante mwanangu! Mke wangu ananidai choo tangu pamba ya mwaka juzi. Na kuta zimenyooka, kweli wewe fundi."

Vijana wakamgeukia Fredy, wanataka ujira wao.

Mama Rebeka naye alikuwa kwenye simu. "Mwanangu, nifungie tena."

"Ulimfungulia nani, mama?"

"Wote."

"Wote?!"

Basi nanyi wenye kompyuta za watu wengi, akija kijana na shikamoo ndefu anataka kila mtu awe mkubwa, mwulize kwanza kama anajua kuchimba choo.