Tambi Hazingoji Salamu

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Nyumba kimya. Felisita bado yuko kwao Kalemela. Na kisa chenyewe kidogo tu! Shangazi yake, Milembe, alikuja kututembelea. Akaanza kusalimia mlangoni. Alipofika kwenye habari za ng'ombe nikamwambia nyingine tutamalizia kesho, nawahi kuona malori ya wanunuzi binafsi wa pamba. Niliporudi, mke hayupo, shangazi hayupo. Sufuria la ugali limeoshwa na kufunikwa.

Kazini sikupima hata kilo moja. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua, wakulima wanapita mbele ya mizani yetu ya ushirika bila kugeuza shingo. Nimeshinda na mizani, tunatazamana.

Jirani Luhaga amechungulia uani na kuuliza, kama kila siku, mama yupo? Anajua hayupo! Nikasema anauguza. Akauliza anamuuguza nani. Nikaingia ndani.

Jumanne, 2 Agosti

Wazo! Dukani kwa Nuruddin zimeingia tambi za Kichina. Siku hizi duka lake lina kila kitu, hata vitu visivyo na kazi. Anasema alizila Dar. Si hizi zetu za sukari. Unachemsha kidogo, unakausha, unakaanga mpaka ziwe kavu kabisa, halafu unamwagia rojo zito la nyama na kabichi. Sharti moja: rojo likishamwagwa, mle hapo hapo. Mkichelewa, zinalegea.

Felisita hajawahi kula kitu kama hicho. Mke wa Luhaga ndiyo kabisa!

Nimemtuma Zamda, yule anayefuata dagaa Kalemela. Awaambie Felisita na shangazi waje Jumamosi mchana, kuna chakula hakijawahi kuonekana Bariadi. Zamda akauliza kama naweka na neno la kuomba radhi. Nikamwambia chakula kinatosha.

Alhamisi, 4 Agosti

Majaribio. Nimechemsha tambi, nikazianika kwenye kamba ya nguo. Luhaga akapiga kelele toka kwake: hiyo minyoo nimeitoa kwenye ng'ombe gani? Watoto wa mtaa mzima wakaja kutazama. Zilizoanguka, kuku wakamaliza. Zilizobaki, vumbi.

Mara ya pili nikatumia ungo. Rojo nikalitia unga wa muhogo mwingi mno, mwiko ukasimama wenyewe. Nikarudia. Safi! Tambi nazo, ndani ya mafuta ya pamba, zikavimba zikawa rangi ya asali. Kra! Kra! Nilikula nimesimama, nikageuka na kijiko nimwambie Felisita aonje.

Mjinga mimi. Nikakirudisha kijiko.

Jumamosi, 6 Agosti

Wamekuja! Nimekaa dirishani tangu asubuhi. Nilipoiona kanga ya Felisita inakata kona nikakimbia jikoni, nikamwaga rojo juu ya sahani zote tatu. Tsss! Harufu hiyo! Nikafungua mlango.

Shangazi akasimama hapo hapo, akaanza salamu za Kisukuma. Mwadila. Nikaitikia, mwadila. Mhola, salama? Mhola. Watu wa nyumbani? Mhola. Ng'ombe? Nina ng'ombe gani mimi? Mhola tu. Mvua? Pamba? Mezani tambi zinanywea, nasikia kwa masikio yangu. Akaingia kwenye msiba wa mzee Nyanda, mjomba wa Felisita, aliyezikwa juzi. Akaanza na ugonjwa ulivyomwanza. Mguuni!

Uvumilivu ukaniisha. Nikasema, shangazi, marehemu hatatoroka, lakini tambi zinalainika!

Shangazi akaweka mkoba begani, akarudi alikotoka.

Felisita alibaki kidogo. Akasema mjomba ndiye aliyemlea. Akasema njia nzima kwenye basi alikuwa anawaza nitamuuliza nini kwanza, na mpaka sasa sijamuuliza hata hali. Sasa hali ya nini, namwona mzima mbele yangu! Nikamwambia akae basi, za katikati bado ngumu. Akaonja uzi mmoja, akasema tamu. Halafu akamfuata shangazi yake.

Tamu! Amesema mwenyewe!

Nimekula sahani yangu. Nimekula na yake, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Ya shangazi imenishinda. Luhaga ameuliza mbona wageni wameondoka mapema. Nikafunga dirisha. Nyumba hii ina mwangwi, sijui kwa nini zamani sikuusikia.

Jumapili, 7 Agosti

Nimewaza vizuri. Tambi hazina kosa, rojo halina kosa. Kosa ni salamu.

Nimemwahi Zamda kabla hajapanda basi. Nimempa salamu zote kwa mpigo: mwadila, mhola, ng'ombe, mvua, pamba, pole ya mzee Nyanda tangu mguuni mpaka kaburini, na hali ya Felisita. Awasalimie huko huko Kalemela, wamalize kabisa, aniletee majibu. Jumamosi ijayo wakifika hakuna kusimama mlangoni, ni kukaa na kula!

Zamda akanitazama sana. Akaweka chini ndoo yake ya dagaa, akaniuliza mimi mwenyewe naendeleaje, peke yangu kule nyumbani.

Nikamwambia atanisamehe, sina nafasi. Nimeacha tambi kwenye ungo na kuku wako nje.