Waziri wa Mwanga na Tumbawe Lisilolala

Shemeji yangu alitangaza kwamba amelishinda jua! Hakuwa anatania. Alisimama katikati ya sebule, miwani myeusi usoni, akasema jua ni taa nzuri tu kwa wanaoanza.

Kazi yake ni fundi miwani. Lakini tangu aanze kufuga samaki na matumbawe hai kwenye tangi la maji ya chumvi, mtaa mzima unamwita Waziri wa Mwanga. Msalimie asubuhi, utaachiwa saa sita mchana, ukijua kwamba tumbawe ni kiumbe, linaishi kwa mwanga, na kuliwekea taa mbovu ni kulilaza njaa.

Tangi lilikaa dirishani, mahali ambapo dada yangu, mke wake, alipataka kwa ajili ya cherehani. Walizozana hadi wakapatana hivi: daktari wa meno anataka tangi kama hilo kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa, na atakuja Jumamosi kuona. Akimpa Waziri kazi hiyo, tangi linabaki. Akikataa, tangi nje, cherehani ndani!

Daktari alikuja na mkoba wake. Waziri akakohoa kikohozi cha kufungulia mkutano. Tangi alikuwa ameligawa vyumba vitatu kwa vioo vyeusi. Kila chumba tumbawe lake na taa yake, kwa miezi mitatu.

"Chumba cha kwanza, taa za tyubu," akasema. "Ni pole mno! Tumbawe limekuwa kahawia kama soksi ya mtoto wa shule."

"Na hili jeupe?"

"Balbu kubwa, ndugu yake zile za uwanja wa mpira. Mwanga upo, lakini joto lake, Daktari! Tumbawe lilipauka siku ya nne."

"Na samaki je?"

"Waliomba uhamisho."

Kisha akavuta kitambaa cha chumba cha tatu kwa madaha. Taa ya LED, mwanga wa buluu na mweupe, na chini yake tumbawe la waridi, limenyooka kama askari kwenye gwaride.

"Miezi mitatu halijafifia hata kidogo! Mengine hujikunja usiku. Hili halilali! Taa hii imelifikisha mahali halihitaji mapumziko!"

Nikamtazama dada. Ghafla alikuwa na shughuli nyingi sana na upindo wa gauni.

Daktari akainama. Akatoa mkobani kile kioo kidogo cha kuchungulia magego, akakizamisha majini, akaangalia chini ya tumbawe. Akaligonga kwa mpini. Ko, ko.

"Fundi," akasema taratibu, "natengeneza meno ya bandia mwaka wa kumi na tisa huu. Hii ni plastiki."

"Haiwezekani! Mimi ni mtu wa macho!"

"Chini pana muhuri wa kiwanda."

Dada akaweka gauni chini.

"Mume wangu, lako lilikufa wiki ya pili, ulipokwenda kwenye semina. Nilichomoa taa nipige pasi, nikasahau kuirudisha siku tatu. Ukarudi una furaha, nikakosa moyo wa kukwambia. Hili nililinunua duka la vitu vya watoto."

"Nimelilisha kila siku," Waziri akanong'ona. "Nimeliimbia!"

"Tunajua, shemeji," nikasema. "Hata majirani wanajua."

Nilimhurumia, kweli kabisa. Huruma hiyo ilidumu nusu dakika, kwa sababu ghafla aliinua kidevu.

"Basi mmeona nguvu ya taa hii? Hata plastiki imestawi!"

Daktari akafunga mkoba. Alisema wagonjwa wake watatosheka na televisheni.

Samaki na yale matumbawe mawili mahututi walichukuliwa na rafiki yake Waziri. Cherehani sasa iko dirishani. Taa ya LED dada alikataa iondoke, maana haijatokea nyingine nzuri hivyo ya kutungia uzi kwenye sindano. Tumbawe nalo liko mezani, mkasi unaning'inia kwenye tawi moja, nyuzi kwenye mengine, na rangi yake bado haijafifia.

Na Waziri? Jumatatu alifungua duka lake la miwani mapema, akaketi kwenye kiti cha wateja, akajipima macho.