Kilometa Thelathini na Nane za Changarawe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake. Mheshimiwa Makamu wa Pili, ambaye nimearifiwa kuwa yuko njiani na amekuwa njiani tangu asubuhi. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo, wa kamati ndogo zaidi na wa kikosi kazi. Dada yetu mkunga wa zahanati hii ambayo uwanja wake tumeukalia. Fundi baiskeli wetu, maarufu kwa jina la Spoku. Mzee wetu mfuga nyuki wa kule msituni. Mke wangu mpenzi, aliyenikataza kuja na viatu hivi. Waendesha baiskeli mliokuja na baiskeli, na ninyi mliofuata kivuli cha turubai. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna ambaye sijamtaja, basi ajitaje kimoyomoyo nami nitampigia makofi. (Makofi. Mtu mmoja nyuma anajitaja kwa sauti.)

Nimesimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi Msaidizi wa Njia, Vijia na Burudani za Nje, ofisi ambayo wengi wenu mnaifahamu kwa mlango wake ulio mwisho wa korido, mkono wa kushoto, baada ya stoo ya mafagio, na nimesimama kwa fahari isiyo na kifani ili kuzindua rasmi Njia ya Baiskeli za Changarawe, yaani njia ya wale wapendao kuendesha baiskeli ya matairi mapana pale lami inapokata tamaa, njia inayopita bonde la mto, ikapanda vilima, ikaingia msituni na kutokea ng'ambo, yenye urefu wa kilometa thelathini na nane, ambapo kumi na nne ni za kupanda, kumi na nne ni za kushuka, na zilizobaki bado zinajadiliwa na wataalamu. (Kicheko.) Takwimu zinaonesha kwamba asilimia mia moja ya njia hii iko juu ya ardhi, mafanikio ambayo si kila mradi unaweza kujivunia.

Sasa wapo wenye ndimi ndefu wanaosema kwamba sisi wakubwa huzindua vitu tusivyovijua. (Sauti: Ni kweli.) Sikusikia. Ndugu zangu, Jumanne iliyopita, saa mbili asubuhi, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii miwili na siti moja ngumu sana, nilifanya ziara ya ukaguzi wa njia hii. Nilikwenda kwa Spoku kuazima baiskeli. Akaniangalia tumbo, akaongeza upepo gurudumu la nyuma, kisha akaniuliza, "Mheshimiwa, mara ya mwisho kuendesha ilikuwa lini?" Nikamjibu kwamba baiskeli haisahauliki. Akasema, "Wewe hujaisahau. Yenyewe je?" (Kicheko kirefu. Spoku anasimama na kuinama kama aliyetunukiwa.) Kaa chini, fundi.

Mwenyeji wangu katika ziara hiyo alikuwa mkunga wetu, ambaye hupita njia hiyo mara tatu kwa wiki na sanduku lake la kazi likiwa limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu. Tukashuka bondeni vizuri kabisa, mimi nikiwa mbele, kwa sababu breki zangu zilikuwa bado zinajengewa uwezo. Tulipofika mtoni, pale penye mawe, mkunga akasema, "Mheshimiwa, shuka tuvuke kwa miguu." Nikamfahamisha kwamba mkurugenzi hashuki, huteremshwa. Basi mto ukaniteremsha. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mimi nilitumia fursa hiyo kuukagua mto kwa mwili mzima, na ninayo furaha kuwataarifu kwamba maji yapo, ni baridi, na mawe yake yanakidhi viwango vya ugumu. Mkunga alinivuta kwa kola. Hakucheka. Alisema tu, "Masika, huu mto huwa unanifika kifuani," akakamua kitambaa chake cha kichwa, akapanda baiskeli.

Kilimani nilikabiliwa na changamoto mtambuka ya pumzi. Nikashuka, kwa kukiheshimu kilima, nikaanza kusukuma, na kufikia kona ya nne mtu asiyejua angedhani ni baiskeli inayonisukuma mimi. Ndipo tukamwona mzee mfuga nyuki akija mbio kutoka juu, ndala mkononi. Hakunisalimu, na mimi sikumlaumu. Akamwambia mkunga, "Mwanangu, mkaza mwanangu ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na wiki zake hazijatimia."

Mkunga akauliza maswali mawili, ambayo si ya kusemwa hadharani, akakaza mpira wa sanduku. Kisha akanigeukia. "Mheshimiwa, utaweza kubaki hapa?" Nikamwambia ziara ina ratiba, na kwa mujibu wa ratiba tulitakiwa kuwa pamoja hadi saa sita. Nilipomaliza sentensi hiyo, ambayo nakiri ilikuwa ndefu, alikuwa ameshapita kona ya sita. (Kicheko. Makofi kwa mkunga. Mkunga anatazama saa yake.)

Tukabaki mimi na mzee. Nikamkabidhi baiskeli ashikilie upande mmoja, nami nikashika upande wa pili, tukaingia msituni kama watu wanaompeleka mgonjwa hospitali. Mzee alikuwa kimya. Mimi, mnanijua, sikuzoea kimya, kwa hiyo nikaanza kumweleza kuhusu dira, dhima na mnyororo wa thamani wa burudani za nje. Aliniacha niseme mpaka tukafika mahali njia inapokunja baina ya miamba miwili, pamelimwa vizuri, hakuna hata mzizi. Nikasema, "Kona safi sana hii, wataalamu wangu wamejitahidi."

Mzee akasimama. Akasema, "Hapa palikuwa miiba mitupu. Miaka tisa iliyopita, mke wangu alipozidiwa, tulimbeba kwa kuzunguka barabara kuu. Saa nne. Tulipofika zahanati, tukaambiwa tumrudishe nyumbani." Akaipapasa miamba kama mtu anayekagua ukuta wa nyumba yake. "Baada ya matanga nikachukua jembe."

(Watu wanamgeukia mzee.)

Ndugu wananchi, mimi ni mtu wa daftari. Nilitoa daftari niandike maneno yale, nikakuta limelowa mtoni, kurasa zimeshikana kama mkate uliomwagikiwa chai. Nikalirudisha mfukoni. Tukaendelea kutembea, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikajikuta naomba kitu bila kujua nimwombe nani kwa barua.

Tulipotokea ng'ambo, tukasikia sauti ya mtoto kabla hatujaiona nyumba. Mzee aliachia baiskeli ikaniangukia mguuni, akaketi palepale majanini. Mkunga akatoka anafuta mikono, kanga yake ina matope hadi kiunoni. "Msichana," akasema. "Ni mdogo, lakini ana kelele za watatu. Mama mzima." Halafu akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Ningezunguka na barabara, nisingemkuta." Mimi nikasema, "Naam." Ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa. (Makofi marefu.)

Kwa hiyo nimeelekeza mtoto yule aingizwe katika takwimu kama mnufaika, na kwa kuwa ndiye mnufaika pekee niliyemshuhudia, tumefikia asilimia mia moja ya lengo la mwaka. (Mama wa mtoto, kutoka benchi la mbele: Ameshapewa jina, hahitaji namba.) Imepokelewa, dada, na nampa mtoto pole kwa usumbufu.

Nije kwenye ahadi. Naahidi vibao sabini na sita vya kuelekeza, kikiwemo kimoja cha kueleza vingine viko wapi. Naahidi banda la kupumzikia kila kilometa mbili, na kilimani kila hatua kumi. Naahidi warsha ya kitaifa ya kuwajengea uwezo wapanda vilima. Na endapo hali itaruhusu, kilima chenyewe kitashushwa kwa awamu. (Spoku: Na mto?) Mto uko kwenye mchakato. (Spoku: Umekuwa kwenye mchakato tangu nikiwa na nywele.) (Kicheko.)

Tupate hamasa kidogo. Nikisema Changarawe, ninyi mnajibu Maendeleo. Changarawe! (Daraja.) Hapana, Maendeleo. Tujaribu tena. Changarawe! (Daraja.) Pedali! (Daraja.) Bonde kwa bonde! (Daraja, daraja.) Haya. Nimewasikia, hata Makamu wa Pili huko aliko amewasikia.

Nimalizie kwa shukrani. Jana nilimwomba katibu muhtasi wangu faili la mradi huu ili nitaje kwa usahihi tarehe ya kuidhinishwa, mhandisi aliyesimamia na idadi ya malori ya changarawe yaliyomwagwa. Alipekua kabati la chini, akapekua la juu, akaenda hadi stoo ya mafagio, akarudi na vumbi puani. Akaniambia, "Bosi, hakuna faili. Hakuna lori lililokwenda. Huu mradi haujawahi kuwepo. Tulipata tu barua ya kualikwa kuuzindua, na barua yenyewe tuliandika sisi." Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, nawashukuru kwa majembe yenu, kwa mapanga yenu, kwa makarai mliyobeba kichwani kutoka mtoni, kokoto baada ya kokoto, kwa miaka tisa, na zaidi ya yote, kwa niaba ya ofisi yangu yote, nawashukuru kwa kutotusubiri.